Kwenda Mbulu na Kurudi Bila Kuchemsha

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wanapumzika. Mimi nimehukumiwa.

Gari letu lina magonjwa mawili. Mbele linachemsha, ndani linagandisha. Kilima kidogo tu, mshale wa joto unapanda kama mlevi anayetafuta ugomvi, na wakati huohuo hita inatupulizia baridi ya Hanang miguuni. Joto lipo tele, ila limekataa kuja tulipo sisi. Nimemweleza mke wangu Romana, yaani Mama Ombeni, kwamba hayo ni mambo ya uzee, hata mimi niko hivyo. Hakucheka.

Jumapili mjukuu wetu Vailet anapata kipaimara kule Mbulu. Mwezi wa tano tulikwenda huko, na Mama Ombeni alishuka garini akitembea kama kuku aliyefungwa miguu. Magoti yake hayajasahau. Leo, kabla sijamaliza chai, amesema gari lina nafasi moja ya mwisho. Limpeleke Mbulu na kumrudisha, bila kuchemsha, miguu yake ikiwa na joto. Likishindwa hata moja, siku ya Jumanne aje Rehani, mnunuzi wa vyuma chakavu, na mizani yake. Na Jumapili likiwa bado bovu, yeye atapanda Noah ya Amedeus. Nafasi ameshapewa. Siti ya mbele.

Amedeus ni jirani, afisa mifugo mstaafu, anaimba bezi kwaya moja na mke wangu, naye amealikwa kipaimara. Mwezi wa tatu alituletea paka, maana Mama Ombeni aliona unga unapungua kwenye ndoo akasema ni panya. Mpaka leo hakuna panya aliyekamatwa. Paka ananitazama kama Amedeus anavyonitazama.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda Bagara kwa Abdulsalam. Fundi mzuri, ila ana maswali mengi. Akauliza kama feni inazunguka. Inazunguka. Kama maji yanapungua. Kidogo. Kama nimewahi kutia kitu chochote ndani ya rejeta. Nikamwambia maji tu, tena ya bomba.

Hapa naweza kusema. Mwezi wa tatu rejeta ilivuja, nikatia vikombe vitatu vya unga wa dona. Dereva mmoja wa lori alinifundisha zamani pale Singida. Ikaacha kuvuja siku hiyohiyo. Sioni sababu ya kumweleza fundi. Mkewe hununua maziwa kwa Mama Ombeni kila asubuhi, na wale wanawake hawapeani maziwa tu. Tena unga si kitu kibaya. Unga ni chakula.

Abdulsalam amesema lazima afungue mipira yote, na nafasi hana mpaka Jumamosi. Mpaka hapo nisipande mlima.

Nikiwa njiani nikamkuta Jesse wa bajaji. Yeye hajui gari, anajua kila kitu. Akasema mzee, washa hita mpaka mwisho, inavuta moto wa injini na kuuleta ndani. Magonjwa mawili, dawa moja. Nikawasha. Injini ikazidi kuchemka, mimi nikazidi kuganda. Nimefika nyumbani pua yangu inavuja kuliko rejeta.

Jumatano, 9 Julai

Nimefikiri usiku kucha kuhusu miguu. Mama Ombeni hakusema anataka hita. Alisema anataka miguu yenye joto. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Asubuhi nikachukua tofali la kuchoma, nikaliweka kwenye mkaa saa nzima. Nikalifunga kwa gunia, juu yake koti langu la zamani, nikalisukuma chini ya siti ya mbele. Kisha nikamwita mke wangu, nikamwambia hita imepona yenyewe, kama mafua.

Akaingia. Akaweka mkono kwenye tundu la hita, akasema panatoka baridi. Nikamwambia joto la magari haya huanzia chini. Akanyoosha miguu. Nikaona uso wake unalegea, akaegemea siti, akasema kweli panapata joto, Baba Ombeni. Sijasikia sauti hiyo tangu binti yetu Anjela aolewe.

Dakika tano tu. Kisha moshi. Alipoinua mguu wa kulia, soli ya kiatu chake cha kanisani ilibaki sakafuni. Paka alikuwa amelala siti ya nyuma, akaruka akapita kichwani kwangu.

Sasa ninadaiwa viatu pia.

Alhamisi, 10 Julai

Mama Ombeni ametaka majaribio. Twende Sigino kwa dada yake Martha kuchukua maharage, nimwonyeshe gari linavyopanda. Nikakumbuka maneno ya Abdulsalam, nikayaacha nyumbani.

Tatizo la mshale wa joto ni kwamba mke wangu anajua kuusoma. Basi nikakata picha ya Mtakatifu Yosefu kwenye kalenda ya parokia nikaibandika pale pale kwenye mshale. Alipoiona akauliza Yosefu anafanya nini kwenye dashibodi. Nikasema ni fundi mwenzetu, anatuombea. Akafanya ishara ya msalaba. Niliona aibu, lakini si sana.

Kwa Martha tulifika vizuri. Yeye ndiye anayetuletea pia unga wa dona. Akaniuliza kama panya wamepungua. Nikasema wamepungua sana.

Kurudi ndiyo shida. Kilima kimoja, tena kifupi. Mvuke ukatoka chini ya boneti, ukaja mpaka kwenye kioo, Yosefu akalowa akaanguka. Mshale ukaonekana umelala upande wa mwisho kabisa. Mama Ombeni akautazama mshale, akamtazama Yosefu miguuni pake, akanitazama mimi. Ana macho yanayojisemea.

Na nani akapita? Amedeus na Noah yake iliyooshwa. Akasimama, akashusha kioo polepole, akauliza kama tumeamua kupika maharage hapohapo barabarani. Akasema shemeji, karibu ndani, huku kuna joto. Mama Ombeni akachukua gunia lake la maharage akaingia. Nilipofika nyumbani aliniambia kwamba humo ndani ilibidi avue kitenge cha mabegani. Sikuuliza. Alinieleza mwenyewe, mara mbili.

Ijumaa, 11 Julai

Nimechoka.

Rehani amepita na mkokoteni wake. Kaniambia shikamoo mzee, nikaitikia marahaba. Kisha akalisalimia gari. Akaligonga boneti kwa vidole kama mtu anayechagua boga. Nikamwambia halijafa bado. Akasema hana haraka.

Nimekaa ndani ya gari mchana wote. Limezimwa, mimi pia. Humu ndimo Ombeni alimotapika siku ya kwanza ya shule ya bweni. Humu ndimo Anjela alimokaa na shela lake likatoka nje ya mlango likapigwa vumbi mpaka kanisani. Mwenye gari bovu bado ni mwenye gari. Watu humpungia mkono, hata kama wanacheka. Likienda kwa Rehani, nitakuwa mzee anayeomba lifti kwa Amedeus, na Amedeus atanipa, hilo ndilo baya zaidi.

Kesho nitalipeleka Bagara. Afungue anachotaka.

Jumamosi, 12 Julai

Abdulsalam akachomoa mipira miwili, akasukuma maji kwa nguvu. Kwanza hakikutoka kitu. Halafu ikasikika sauti kama ng'ombe anayetoa mguu kwenye matope, na likatoka bonge. La kijivu, zito, la moto. Likafuata lingine. Yakaja mengi. Rejeta kubwa ilikuwa imejaa, na ile ndogo ya hita imeziba kabisa, hakuna hata tone lililokuwa linapita. Ndiyo maana injini ilikosa kupoa na miguu ilikosa moto. Ugonjwa ulikuwa mmoja tu.

Abdulsalam akaniuliza kama hii ni injini au jiko la shule. Nikasema labda ni kutu. Akauliza kutu gani ina pumba.

Wakati huo Mama Ombeni alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuja kuleta maziwa ya mke wa fundi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Akachukua kijiti, akachota kidogo, akanusa. Akasema hii ni dona ya Martha. Ile ya mwezi wa tatu.

Nilitazama bisibisi iliyokuwa chini. Nzuri sana, mpini mwekundu.

Akasema neno moja tu la mwisho, taratibu, bila hasira, kama mtu anayetoa rambirambi. Paka wa watu.

Kisha akaondoka.

Abdulsalam ameziba palipokuwa panavuja, lakini amesema rejeta ni kuukuu na unga ndio ulikuwa umeishikilia. Nikiona tone lolote nijaze maji, nirudi kwake polepole. Akaninyooshea spana. Maji tu, mzee. Hakuna kitu kutoka jikoni. Nikaapa. Akataka niape tena huku nikimtazama.

Jioni kulikuwa na samaki wa ziwani. Nilipofika mezani nilikuta ugali na mboga. Samaki wangu yuko mlangoni, na paka anamla bila haraka, akianzia kichwani.

Jumapili, 13 Julai

Tumefika Mbulu!

Naandika garini, nje ya nyumba ya Anjela, mama wa Vailet. Wengine wanakula.

Mama Ombeni alipanda gari letu. Sikumbembeleza. Alisema makubaliano ni makubaliano, akaingia na viatu vya kuazima. Tuliupanda mlima wa Dareda wote, mshale umetulia katikati kama mtu aliyeshiba. Hita ikatoa moto mpaka akavua kitenge cha mabegani. Nilimwona anavua. Niliendesha tu. Tulipofika Dongobesh akasema gari lako limepona, baba. Siku zote huliita debe.

Kanisani Amedeus alikuwa amefika mapema, amemshikia nafasi benchi la mbele. Mama Ombeni akamshukuru, akaja kukaa nami nyuma, karibu na mlango, kwenye upepo. Vailet alipopita na gauni jeupe tulisimama pamoja. Nilifikiri, Rehani atafute boga lingine.

Kisha baada ya ibada nikachungulia chini ya gari. Tone. Nikasubiri. Tone lingine.

Kesho asubuhi tunarudi. Makubaliano yalikuwa kwenda na kurudi. Abdulsalam alisema maji tu na nirudi polepole, lakini yeye hajakaa siti moja na Mama Ombeni gari likisimama kila baada ya kilima kuongezwa maji, huku Noah inapita inapiga honi.

Nikaingia jikoni kwa Anjela. Kiroba kizima cha unga kilikuwa pale, kimefunguliwa. Sikukigusa. Mtu akikosea mara moja anajifunza, na mimi unga nimeuacha kabisa. Nikachukua mayai. Sita tu, ute wake peke yake. Yai ni kitu kingine, halina pumba. Injini ilikuwa bado na moto, nikamimina kwenye rejeta, nikawasha kidogo. Tone likaacha. Dakika kumi nimetazama, pakavu.

Jioni, hapohapo.

Nilirudi ndani kwa furaha, nikachukua sahani ya pilau, nikakaa mkabala na Amedeus. Anjela akatoka jikoni akiuliza nani ameona mayai yake ya keki. Nikamwambia mwanangu, hapa pana nguchiro mla mayai, nimeuona mkia wake ukipita ukutani. Nikamshauri atafute paka.

Mama Ombeni akaacha kutafuna.