Evert Hahami

Alhamisi, 5 Februari. Zwolle.

Evert anataka kuhama. Kaniambia jana tukicheza karata, kwa sauti ileile anayoombea sukari. Kuna kijiji milimani huko Austria, Hinterlahn, wanatafuta fundi wa viti vya waya, vile vinavyopandisha watelezaji juu ya mlima. Yeye hapa anatengeneza lifti za maghorofa. Eti kazi ni ileile, tofauti ni kwamba huko lifti inakwenda mshazari. Wanataka jibu wiki ijayo.

Nikamwambia safi sana. Kisha nikatupa karata ambayo hata mlevi asingeitupa.

Tunakaa mtaa mmoja, mlango wake unatazamana na wangu. Tangu mke wangu Ineke aniache, Evert ndiye mtu pekee anayegonga asubuhi kuona kama nimeamka. Hili silisemi mbele yake.

Jumamosi anatimiza miaka hamsini. Anakwenda huko wikiendi nzima, ateleze na kupaangalia mahali penyewe. Akaniuliza kama nitamsindikiza. Akauliza pia kama najua kuteleza kwenye theluji. Nikasema tangu utoto. Ukweli ni kwamba niliteleza siku moja tu, ndani ya ukumbi wa theluji ya mashine, nikaishia kwenye wavu na mwanamke nisiyemjua.

Mpango: namsindikiza, na nahakikisha anapachukia. Kimyakimya. Akirudi hapa asitake hata kusikia neno mlima.

Nimepakia viazi, jibini, siagi ya karanga. Na chini kabisa, ndani ya blanketi, mdoli wa Abrahamu. Kwetu Uholanzi mwanamume akifika hamsini lazima awekewe mdoli wake nje, yule mzee mwenye ndevu, mtaa mzima ucheke. Evert anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa daktari wa meno. Ndiyo sababu anaikimbia sherehe. Hajui kwamba sherehe imo kwenye buti la gari.

Ijumaa, 6 Februari. Hinterlahn.

Ujerumani nzima ilikuwa barabarani, na yote mbele yetu. Foleni, mvua, foleni. Nilifurahi. Nikamwambia Evert kwamba hii ndiyo njia atakayopita kila akitaka kuja kutuona. Akasema foleni inamsaidia kufikiri. Akaendesha huku anaimba puani.

Tuliposimama kujaza mafuta nilijifanya naenda msalani, nikampigia mwenye nyumba ya wageni, Frau Notburga. Nikamweleza kwamba rafiki yangu ana ugonjwa wa joto. Atupe chumba cha baridi kuliko vyote. Akauliza ni ugonjwa gani huo. Nikasema wa ukoo. Akasema maskini, nimwachie yeye.

Ametupa chumba cha juu kabisa, chini ya paa, upande usiopata jua. Hita haifanyi kazi. Dirisha halifungi vizuri. Nikipumua natoa moshi kama ng'ombe. Nimevaa kila kitu nilichokuja nacho, pamoja na taulo.

Evert ameshaanza kukoroma. Atakoma kesho.

Jumamosi, 7 Februari.

Ameamka uso umenawiri kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Anasema hajalala hivi tangu alipokuwa jeshini. Miaka yote hii, kumbe chumba chake cha Zwolle kilikuwa na joto mno. Mimi nakohoa.

Nilikuwa nimetoka mapema, kabla ya chai, na mdoli mgongoni. Viti vya waya vilikuwa vimeanza kuzunguka bila watu. Nikamfunga mzee Abrahamu kwenye kiti kimoja kwa mkanda wangu, na kifuani nikambandika kadi: EVERT WA ZWOLLE, HAMSINI LEO. Nikarudi kunywa kahawa nikiwa nimeshika suruali kwa mkono.

Niliyoyatarajia: Evert anaona jina lake linapaa angani mbele ya kijiji kizima, anaona haya, anaomba twende nyumbani.

Yaliyotokea: msimamizi wa viti, mtu mnene anayeitwa Alois, aliona mzee ameegama kitini hajitikisi. Akadhani amepoteza fahamu. Akavuta breki ya dharura kwa nguvu zake zote. Watu wakapanda mbio na machela. Tulipofika chini mimi na Evert, walikuwa wanamshusha Abrahamu taratibu, mmoja amemshikilia kichwa.

Kichwa kikang'oka.

Watu wakakodoa macho. Nikaanza kuwa na matumaini. Kisha Alois akaisoma kadi, akashika nguzo, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akapaza sauti kuuliza huyu Evert wa Zwolle ni nani, ajitokeze. Evert alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akainua mkono kama mwanafunzi.

Foleni nzima ikaja kumpa mkono. Evert, badala ya kutoroka, akaanza kuwaelezea kwamba kwetu hata rafiki wa mwenye siku hupewa hongera. Basi wakanipa na mimi. Nimepewa hongera na watu waliovaa kofia ngumu mpaka vidole vikafa ganzi.

Halafu viti vikagoma kuwaka. Ile breki. Alois akatukana, akaingia kwenye kibanda cha mashine. Evert akanikabidhi miwani yake, akamfuata. Walitoka huko wamechafuka grisi mpaka viwiko, wanacheka kama waliosoma darasa moja. Viti vikazunguka. Watu wakapiga makofi.

Kwa maneno mengine, nimempeleka mwenyewe kwa bosi wake mtarajiwa.

Mchana nikasema goti linaniuma, siwezi kuteleza. Evert akanitazama. "Tangu utoto, bwana, halafu goti?" Nikamwambia ndiyo maana limechoka. Nikakaa kibandani nikila ile chapati nene ya mayai wanayoichanachana na kuimwagia sukari. Nzuri mno. Hilo nalo sikumwambia.

Jumapili, 8 Februari.

Nafasi ya mwisho. Asubuhi ukungu ulifunika kilele, upepo unakata. Ndiyo hali niliyoitaka. Nikamwambia Evert goti limepona, twende juu kabisa. Hesabu yangu: atasimama kwenye huo upepo, nami pembeni nalalamika bila kupumzika. Nina kipaji cha kulalamika. Ineke alikuwa shahidi.

Kupanda kulikuwa rahisi, unakaa tu. Hakuna aliyeniambia kwamba kiti hakisimami ukifika. Evert aliteleza akashuka vizuri. Mimi nilibaki kitini nikitafakari, kisha nikaruka kwa kuchelewa, nikaanguka kifudifudi, na kiti kilichofuata kikanipiga kisogoni. Nashukuru kofia.

Evert akauliza kama niko salama. Nikasema hivyo ndivyo tulivyokuwa tunashuka zamani. Nikasimama ili kumwonyesha. Kusimama ndilo lilikuwa kosa. Skii, zile mbao za kutelezea, zikaondoka nami nikiwa juu yake. Niliupita ubao wa onyo. Nikaupita mti. Nikamsikia Evert nyuma anapiga kelele nikae chini, we Wiebe, kaa chini. Nikakaa. Mwili ukakaa, mguu wa kushoto ukaendelea.

Waokoaji wakanifunga kwenye sleji, machela ya kuburutwa juu ya theluji, kama kifurushi cha posta. Evert akateleza kando yangu njia nzima, polepole, akinisimulia kuhusu lifti ya ghorofa la wazee wa Zwolle ambayo kila ikifika juu inarudi yenyewe. Alikuwa ananizuia nisiangalie chini. Nilijua. Nikaendelea kuuliza maswali kuhusu lifti.

Mguu umevunjika; zahanati wamenifunga plasta ngumu. Tukasubiri dawa.

"Hujui kuteleza," akasema.

Nikasema niliwahi. Mara moja.

"Sasa ulikuja kufanya nini?"

Nikasema nilikuja kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa. Akaanza kukwangua grisi kwenye kucha.

"Mimi nilikuja kukataa kazi," akasema. "Nilitaka nipaone tu, niwaambie asante, nirudi. Nilikuwa nakufikiria wewe. Utacheza karata na nani?"

Nikaitazama plasta yangu.

Akaendelea, bila kuniangalia. Alikuwa na hofu hatapata usingizi ugenini, na kile chumba kikamlaza kama mtoto. Alikuwa na hofu hatazoeana na watu, na kabla hata hajavaa skii kijiji kizima kinamwita kwa jina. "Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia siku kama ile, Wiebe. Na ni wewe." Jana, baada ya mdoli, Alois alimuuliza tena kama anaitaka kazi. Amekubali.

Nikampa hongera. Sauti ilitoka ndogo. Akaniweka mkono begani, tukatazama wote wawili picha ya mfupa wa paja iliyokuwa ukutani.

Jumatatu, 9 Februari. Njiani.

Nimelazwa kiti cha nyuma, mguu juu ya gunia la viazi ambavyo hatukuvipika. Evert anaimba, sasa kwa mdomo wazi. Karibu na Würzburg nilijikohoza, nikataka kumwambia yote: simu, hita, mdoli, ukungu. Akanitangulia. Akasema asante kwa kuja, anajua sipendi baridi. Nikasema si kitu. Nikalala, au nikajifanya.

Alhamisi, 12 Februari. Zwolle.

Evert ameshaleta maboksi. Nayaona kutoka dirishani. Anafunga moja, anakaa juu yake, anafunga jingine. Jana alikuja kucheza karata akaniacha nishinde. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nimekaa na mguu huu juu ya stuli nikafikiri sana, na kosa langu nimeliona. Nilikuwa nimeshika mpango kwa mkia. Suala si Evert abaki hapa. Suala ni mimi niende kule.

Nimempigia Frau Notburga. Ameniuliza hali ya mgonjwa wa joto, nikasema anaendelea vizuri. Kisha akalalamika kwamba mpishi wake anaolewa na kuondoka, na mpishi mwingine hapatikani. Nikamwambia ni bahati iliyoje, kwani mimi nimepika kwenye hoteli kubwa ya The Hague kwa miaka mingi. Akauliza kwa nini sikusema. Nikasema sipendi kujisifu.

Akataka kujua kama naweza kuipikia harusi yenyewe, wakati wa Pasaka, watu themanini. Nikasema themanini ni wachache.

Evert sijamwambia. Itamshtua kwa furaha. Nimejikongoja mpaka jikoni nikafungua oveni nianze mazoezi. Kitabu cha maelekezo yake bado kimo ndani, kwenye nailoni ya dukani.