Pua Yangu na Mchele wa Kyela

Jumamosi, 5 Julai

Kihesa, Iringa. Baridi ya kukata masikio. Mwezi wa tano huu tangu mafua yalipoiharibu pua yangu. Mafua yalirudi kwao, harufu haikurudi. Asubuhi nimenusa kitunguu, nimenusa soksi, nimenusa dagaa wa jirani. Vyote sawa. Hakuna anayejua, na akijua mmoja nimekwisha.

Maana nani atamsikiliza mhakiki wa chakula asiyesikia harufu? Miaka kumi na tisa nilikuwa mpishi mkuu wa hoteli moja Mbeya. Mwezi Machi niliwapakulia maharusi pilau iliyoungua, tena nikiwa nimeionja mwenyewe na kuisifu mbele ya wazazi. Nikafukuzwa kabla keki haijakatwa. Iringa hawana habari hiyo. Sasa kila Ijumaa nina nusu saa redioni, kipindi cha Sahani ya Wiki. Mbinu yangu rahisi. Nakaa karibu na meza ya watu wanene, nasikiliza wanavyosema, kisha nayarudia kwa Kiswahili kigumu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi imepumzika, mimi sikupumzika. Sosthenes kapiga simu redioni. Huyu alikuwa chini yangu Mbeya, akimenya vitunguu, akaondoka kabla ya ile pilau. Leo ana mgahawa wake hapa Kihesa na kitambi cha mwenye mali. Wiki iliyopita nilisema mchuzi wake hauna roho. (Meza ya jirani ndiyo iliyosema. Mimi nilifikisha tu ujumbe.) Sasa anataka Ijumaa niende kwake, matangazo ya moja kwa moja, sahani tatu za wali mezani: moja mchele wa Kyela, mbili wa Madibira. Niutambue wa Kyela.

Naima, bosi wangu wa kipindi, alikubali kabla sijafungua mdomo. Alisema Mnyakyusa kama mimi kushindwa kuujua mchele wa kwao Kyela ni sawa na mama kushindwa kumjua mwanawe. Akacheka. Nami nikacheka. Michele hiyo ikishaiva, kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni harufu. Harufu tu!

Jumatano, 9 Julai

Mama Taraben, mwenye nyumba wangu, kaniletea tena beseni la maji ya moto na majani ya mkaratusi. Duka lake liko mbele, chumba changu nyuma. Anasema nijifukize, kifua changu hakimpendezi. Sina hata kikohozi. Sijui kwa nini mama huyu anang'ang'ania. Nimemshukuru, nikanawia miguu.

Nina mpango. Sabina, mhudumu wa Sosthenes, ni mtu wa Tukuyu kama mimi. Nimemsalimia kwa Kinyakyusa, nikamwita dada, nikamweleza kwamba redio inahitaji alama ndogo kwa ajili ya usalama. Sahani ya Kyela aiwekee jani moja la giligilani. Akauliza usalama wa nani. Nikasema wa taifa. Amekubali, ila alinitazama kwa muda mrefu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepita mgahawani kuhakikisha giligilani ipo. Ipo, fungu zima. Sosthenes akanisalimu kwa Kihehe, "kamwene", kwa upole ambao si wake. Upole huo umeniharibia siku.

Ijumaa, 11 Julai

Sahani zilikuja. Zote tatu zina giligilani.

Kumbe Sosthenes aliona jani kwenye sahani moja, akasema picha za redio za mtandaoni zisiuonyeshe mgahawa wake hovyo hovyo, akazipamba zote. Sabina akapandisha mabega. Nikainama kunusa. Ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Ya tatu, mvuke mtupu. Kipaza sauti kidevuni, jasho linanitoka katika baridi ya Julai. Nikausikia mdomo wangu ukitangaza kwamba hapa hakuna Kyela hata punje. Sosthenes kauziwa Madibira.

Wakashangilia. Mmoja nyuma alisema hata yeye alishuku tangu mwanzo. Sosthenes akazipeleka sahani puani moja moja, naye akaanza kusita. Naima akamuuliza, hewani, mchele wa Kyela alinunua wapi. Akajibu kwamba alinunua dukani kwa Mama Taraben.

Nikakaa chini.

Jumamosi, 12 Julai

Tangu asubuhi dukani kuna foleni, tena si ya wanunuzi. Wanarudisha mchele. Wengine waliununua mwaka jana. Bibi mmoja karudisha na sukari, kwa tahadhari. Mama Taraben anapokea vyote. Marehemu mumewe alimwachia duka hilo na jina lake, na kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwita mwongo.

Saa saba mchana akaniita jikoni kwake. Sahani mbili za wali mezani. Akaniuliza ipi ni ya Kyela. Nikakodoa macho kutafuta jani. Hapo akasema amejua tangu Mei, siku maziwa yalipoungua na nyumba nzima ikakimbilia nje, nami nikabaki kwenye moshi nikijisomea kwa sauti sentensi yangu kuhusu harufu ya iliki. Kumbe mkaratusi ulikuwa wa pua. Nimeona haya mpaka masikio yamepata moto. Amesema hatamwambia mtu. Ila Ijumaa niseme ukweli mwenyewe, redioni. Nimeapa mbele ya wali.

Ijumaa, 18 Julai

Nilikwenda na karatasi yenye maneno mawili: Sina pua. Kabla sijaketi, Naima akanieleza kwamba wasikilizaji wananipenda mno, na mwezi ujao nitapelekwa Mbozi kuonja kahawa mbele ya wakulima. Kahawa! Nikaikunja karatasi.

Lakini kiapo ni kiapo. Nikalisafisha jina la Mama Taraben hewani. Nikasema nimefanya uchunguzi wa kina, mchele wake ni Kyela halisi, aliyeurudisha akauombe tena. Kosa ni masufuria ya Sosthenes. Yana madini mabaya, yanakula harufu yote ya wali. Nilitoka studio nikiwa mwepesi, mtu aliyetua mzigo.

Nikafika nyumbani nikitarajia chai. Mbele ya duka, foleni. Kila mtu na sufuria yake. Mama Taraben hakunipigia kelele. Alisema taratibu tu kwamba hata masufuria, Sosthenes alinunua kwake. Kisha akaniwekea beseni la mkaratusi mlangoni, akarudi kuwapokea watu.

Imeniuma sana. Nimemwahidi kwamba Ijumaa ijayo nitarekebisha kila kitu: kosa lilikuwa la mkaa. Safari hii nimetumia akili. Nimemuuliza kwanza kama anauza mkaa.

Hauzi.