Kiti cha Mlangoni na Muuguzi wa Tatu

Jumatatu, tarehe 4

Muuguzi mpya anakuja kesho. Wa tatu huyu! Wawili wa kwanza niliwafunza mwenyewe, wakakimbia. Roho nyepesi. Wa siku hizi wanatoka chuoni laini kama mkate uliolowa chai.

Mkwe wangu Daktari, mwenye zahanati, ameniita pembeni. Kwa adabu, maana nimempa binti. Akasema, Baba, nakuomba, huyu naye akiondoka, kiti chako kitarudi nyumbani pamoja na wewe. Kiti changu! Kiti cha mlangoni, nilichokikalia tangu zahanati inafunguliwa! Mimi ndiye ninayesema nani aingie. Mtu akitembea tu, najua anaumwa wapi. Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini la nne la zamani.

Nimemwahidi sitamsumbua. Nitamwelekeza kidogo tu.

Jumanne, tarehe 5

Kaja. Mfupi, mkakamavu, viatu havitoi sauti. Katoka hospitali kubwa, wodini, ambako kila mtu ana kazi yake moja. Hapa muuguzi ni mmoja: vidonda yeye, sindano yeye, kupima watoto yeye, simu ikilia yeye. Daktari akampitisha chumba kwa chumba, akamwonyesha friji ya chanjo na kabati la dawa. La maana akalisahau. Hakumweleza foleni!

Nikamweleza mimi. Kwanza wazee. Pili marafiki wa wazee. Tatu wanaojua kusalimia. Wenye kelele mwisho.

Akanisikiliza hadi nikamaliza. Akasema asante mzee wangu, ila mimi nitaanza na aliye taabani. Papo hapo akamwingiza mama mwenye mtoto anayechemka homa, akamruka rafiki yangu Fundi Cherehani, aliyeleta sikio lake! Sikio hilo huja hapa kila wiki kwa heshima zote. Fundi akavimba. Mama Dekio, msafisha sakafu, akacheka hadi akaegemea mpini. Akaniambia, Mzee Mlango, leo umekutana na komeo.

Tutaona.

Jumatano, tarehe 6

Mtihani. Nimempanga Fundi aanguke kwenye foleni, kashika kifua. Muuguzi akibabaika, atakuja mwenyewe kuniomba mafunzo.

Fundi akaanguka vizuri sana. Kosa moja: alitandika leso kwanza. Eti suruali mpya!

Muuguzi akaja mbio, akapiga goti, akamshika mkono, akamtazama macho. Akaitazama leso. Akasema kwa upole, mzee huyu akichoka kulala, asubiri zamu yake. Mama Dekio akadeki kumzunguka kama nguzo. Muuguzi akaniuliza kama nilikuwa na habari. Nikamwambia mimi ni mtu wa mlangoni, ya sakafuni siyajui.

Fundi hasemi nami.

Alhamisi, tarehe 7

Fundi wa nguo si fundi wa ugonjwa. Leo nimefanya mwenyewe.

Nikakaa benchi la wagonjwa, nikaguna, nikageuza macho. Bila leso! Nikalalamika kichwa kinagonga, kisogo kizito, kama kinavyonifanya kila asubuhi kwa wingi wa majukumu. Muuguzi akanifunga kitambaa cha presha mkononi. Akatazama. Akanifunga mkono wa pili. Tabasamu likaisha. Moyoni nikasema, nimempata!

Akaninyanyua, akanipitisha mbele ya watu wote. Fundi akaruka kutoka kwenye benchi akipiga kelele, Muuguzi, huyo mwongo, hata mimi jana nilikuwa mwongo wake! Hakusikilizwa. Daktari akaja, akapima tena. Akasema, Baba, hii presha ilikuwa inakupeleka kwenye kiharusi. Binti yangu akapigiwa simu, akaja analia, miguuni viatu viwili tofauti. Muuguzi akauliza habari za chumvi. Kabla sijafungua mdomo, Mama Dekio akajibu toka koridoni kwamba mzee huyu hutia chumvi kabla ya kuonja, na kwenye maneno ndiyo usiseme.

Umbea!

Jumamosi, tarehe 9

Jana nilifungiwa kitandani kwa amri ya binti yangu. Leo nimerudi. Kiti hakipo mlangoni! Roho ilinipaa. Pale kakaa Mama Dekio juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaita aliyezidiwa atangulie. Na watu wanamtii!

Kumbe Daktari alitaka kukipeleka kiti nyumbani, Muuguzi akakataa. Kasema kiwekwe ndani, kando ya meza yake, anione na anipime kila asubuhi kabla ya kazi. Kasema pia haendi popote, hapa kuna wagonjwa wanaomhitaji. Alikuwa ananitazama mimi. Mama Dekio akadakia, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Aseme. Mimi nimepandishwa cheo. Kutoka mlangoni hadi ofisini! Na Muuguzi amebaki kwa sababu ya nani? Wale wawili sikuwapa mtihani, ndiyo maana wakakimbia. Huyu nimemwigizia mpaka mashine yenyewe ikasadiki. Vidonge nameza, nisimvunje moyo, bado mgeni wa kazi. Na chumvi nimejirekebisha: sasa naonja kwanza, ndiyo natia.

Jumatatu inayokuja analetwa muuguzi mwingine wa kumsaidia. Nimempitia Fundi dukani kwake, tumepatana. Safari hii ataanguka bila leso.