Galoni Moja, Maili Ishirini na Nne

Jumatatu, 9 Septemba

Nimedhalilishwa mbele ya watu, kwenye kahawa ya kanisani!

Kanisa letu hapa Vangstad limepewa kinanda. Si kama hiki chetu cha umeme chenye vitufe vitatu vilivyokufa, ambacho mke wangu Marlys amekipiga miaka ishirini na nane bila kulalamika (hadharani). Hiki ni cha mabomba yanayolia kwa upepo. Cha mbao. Cha kweli. Kanisa la Bratvold, maili mia moja na kumi magharibi, linafungwa, wamebaki waumini saba, wakatuambia njooni mkichukue. Kazi ya kuvuta trela ni ya nani? Ya mwenye pikapu kubwa ya dizeli, yenye magurudumu manne nyuma. Yaani mimi, Verlin Haugstad. Haikuhitaji kikao.

Basi Orrin akafungua mdomo. Orrin ni kaka yake Marlys. Ana pikapu kama yangu na uso wa mtu aliyelala vizuri. Akasema, kwa upole tu, "Shemeji, hilo lako si linakunywa kama ndama yatima?" Ukumbi mzima ukacheka. Hata Mchungaji Solveig, ambaye kwa cheo chake hakupaswa.

Mchungaji akaamua hivi: atakayekwenda anajitolea dizeli yake, kwa hiyo aende yule ambaye gari lake halimuumizi mfukoni. Jumamosi tupime. Kujaza tangi, kwenda maili themanini, kujaza tena kwenye pampu ileile.

Langu linakwenda maili kumi na tatu kwa galoni. Sijawahi kumwambia mtu.

Jumanne, 10 Septemba

Marlys kaniambia wakati wa chakula kwamba nibadilishe chujio la hewa, nitie matairi upepo wa kipimo, na nipunguze mwendo. Eti ndivyo afanyavyo Orrin. Nikamjibu kwamba hizo ni njia za watu wasio na ubunifu. Chujio hilo halijafunguliwa tangu tununue gari, na gari linatembea. Ushahidi gani tena?

Adui ni uzito! Nimetoa kiti cha nyuma, tairi la spea, jeki, sanduku la vifaa, mazulia, na mlango wa nyuma wa bodi. Matairi nimeyajaza upepo mpaka yanalia ukiyagonga. Gereji sasa haiingiliki. Gari lipo nje, jepesi kama binti wa miaka kumi na minane.

Jumatano, 11 Septemba

Kila kokoto ya barabarani imejitambulisha kwa uti wa mgongo wangu. Jino moja la juu linacheza.

Marlys kaniuliza uko wapi mfuko wa chakula cha kuku niliotumwa. Umeporomokea nyuma, pale pasipo na mlango tena. Maili tatu nzima za barabara ya kaunti zina ndege wanaokula kwa jasho langu. Nikamwambia kwamba, kwa upande mwingine, uzito umepungua. Hakuangalia upande huo.

Alhamisi, 12 Septemba

Adui ni upepo wa mbele! Dawa ni kujificha nyuma ya gari kubwa. Nimeliganda lori la shayiri, hatua saba tu nyuma yake. Raha tupu! Mguu haugusi mafuta! Mbele sioni kitu, ila mlango wa lori na shayiri inayopiga kioo.

Lori likakata kona, nami nikakata. Likapanda mahali, nami nikapanda. Tumefika kwenye mizani ya ghala. Karani akatoa kichwa dirishani, akauliza nimeleta nini. Nikasema nimepita kuwasalimu.

Ijumaa, 13 Septemba

Hapa kwetu kuna mteremko mmoja tu, wa kwenda mtoni. Nikaona: kwa nini kushuka na injini inayokula? Nikazima.

Hakuna aliyenionya kwamba injini ikizimwa usukani unakuwa mgumu kama mlango wa jela na breki zinagoma. (Orrin aliwahi kusema. Sikuwa nikisikiliza.) Nimeacha barabara na kuingia kwenye alizeti. Mistari kumi na minne. Alizeti ya nani? Ya Orrin, bila shaka. Akaja kwa miguu, akautazama mfereji niliouchora, akauliza, "Umepotea, shemeji, au unavuna mapema?" Nikamwambia ninakagua mazao yake na kwamba yanaridhisha.

Marlys hakucheka. Alikunja taulo la jikoni, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema alikisikia kinanda hicho cha Bratvold akiwa na miaka tisa, kwenye mazishi ya bibi yake, na sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyake. "Verlin, mimi sijali nani anakileta. Kama huwezi, mwachie Orrin."

Nikaenda kulala. Usingizi hauji. Lakini sasa hivi wazo limenijia.

Jumamosi, 14 Septemba

USHINDI!

Nilifika kwenye pampu kabla ya watu. Nilijaza polepole, nikasubiri povu lishuke, nikaongeza, nikalitikisa gari, nikaongeza tena, mpaka dizeli ikasimama shingoni mwa tangi. Baada ya maili themanini nilirudi, nikachomeka bomba, na mlio wa kwanza tu wa kufunga, TAK, nikatoa. Povu lilikuwa limejaa, si dizeli. Mimi si msemaji wa povu.

Mchungaji akapiga hesabu mara mbili. Orrin: maili kumi na tisa kwa galoni. Haugstad: ishirini na nne! Orrin akanishika mkono, akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Nikamwambia ni mchanganyiko wa mambo mengi.

Jumatano, 18 Septemba

Kila nikiitazama hiyo ishirini na nne naiamini zaidi. Imeandikwa kwa mkono wa mchungaji. Na kwa kweli povu ni kiasi gani? Vikombe viwili vitatu.

Hesabu ya safari: maili mia mbili na ishirini, kwenda na kurudi, gawa kwa ishirini na nne. Galoni tisa na kitu. Nimeweka kumi na tatu, kwa ukarimu. Zaidi ya hapo ni kubeba dizeli ili kuichoma kwa kuibeba. Wapumbavu hufanya hivyo.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika nikiwa ndani ya pikapu. Pikapu haitembei.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Wale wazee saba wa Bratvold walitusaidia kupakia. Mmoja alilia waziwazi, na Marlys akamkumbatia. Taa ya dizeli iliwaka pale pale uwanjani. Marlys akaionyesha. Nikamweleza kwamba geji ni kifaa, vifaa huharibika, hesabu haiharibiki. Akauliza tena tulipopita sheli ya mwisho. Nikaongeza sauti ya redio.

Gari limekohoa mara tatu na kufa, maili sabini na sita kutoka nyumbani. Nyasi kushoto, nyasi kulia. Na magharibi, mawingu meusi yalikuwa yanakuja kama yameitwa.

Turubai halikufika mwisho wa kinanda. Ni cha mbao na ngozi, hakitakiwi kuona tone la maji. Marlys akapanda kwenye trela, akavua koti lake, akaufunika ule upande wa vitufe, akakaa juu yake na kukishikilia. Hakunitukana. Nikampelekea koti langu. Akalipokea, akafunikia mabomba. Sijawahi kujiona mdogo kiasi kile. Ilidumu karibu dakika kumi.

Kumbe alikuwa amekwisha kumpigia simu Orrin. Tulipokuwa tukiipita ile sheli, redio ikinguruma! Orrin alifika na dumu la dizeli na turubai refu. Tukatia dizeli; gari halikuwaka. Orrin akasema mfumo umevuta hewa na uchafu wote wa chini ya tangi, na hakuna muda wa kuhangaika. Akafunga trela kwenye gari lake, akaondoka na kinanda na mke wangu. Tone la kwanza la mvua lilinipiga mimi. Nasikia wao hawakulikuta hata moja.

Marlys kanipigia simu kusema kinanda kiko ndani, kikavu. Nikauliza nafuatwa saa ngapi. Akasema baada ya ibada ya kesho.

Jumapili, 22 Septemba

Orrin amekuja mchana na mnyororo, na chapati za viazi alizofunga Marlys. Mbili tu, lakini za moto.

Alifungua chujio la hewa. Ndani mlikuwa na panya, mkewe, na nusu ya shamba la alizeti. Akatia jipya alilokuja nalo, bila kusema neno. Orrin huwa hasemi neno kwa namna inayosikika sana. Alipokwenda kufunga mnyororo nikalirudisha la zamani. Siku niliyopata ishirini na nne ndilo lililokuwemo! Timu inayoshinda haivunjwi.

Kisha akanivuta mpaka nyumbani, mimi nikishika usukani tu. Marlys alikuwa amesimama mlangoni. Akanitazama, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Nadhani nimesamehewa.

Usiku huu nimepiga hesabu upya. Maili sabini na sita kwa mnyororo, bila tone! Ukijumlisha safari nzima, nimepata karibu kumi na saba kwa galoni, na nilikuwa na mzigo. Orrin, aliyenivuta, amekiri mwenyewe kwamba hakufikisha tisa.

Nimeshampigia Mchungaji Solveig kumjulisha matokeo. Nimemwomba ayasome kwenye matangazo ya Jumapili ijayo.