Nilivyomlisha Sundus

Jumatatu, 12 Januari 2026
Wembley. Baridi ya kukata masikio. Faridah wangu lazima aende Austria kuteleza kwenye theluji ya Mungu, si hii ya ukumbini. Yamebaki mashindano mawili, msimu uishe; wa juu ndio waendao. Kanielezea kanuni kwa Kiingereza huku mie nakaanga samaki, nimeshika nusu: kuna anayeshuka moja kwa moja kama jiwe, huyo wangu. Kuna anayepinda katikati ya vijiti, huyo Sundus wa Mwanamwema. Halafu wanapiga hesabu za muda. Basi, nimeelewa. Sundus ndiye wa kushindwa.

Juzi harusini Mwanamwema, mamake, kasema mbele za watu kwamba wake anapinda kwa madaha, wangu anaporomoka kama gunia la mbata. Gunia! Nilicheka na wenzangu. Moyoni nikaweka.

Alhamisi, 15 Januari
Nimepata! Nimemwalika Sundus aje kunywa chai Jumamosi, kabla ya mashindano. Mwanamwema kashukuru. Maskini.

Jumamosi, 17 Januari
Mkate wa kumimina. Vitumbua. Chapati. Maharage ya nazi. Sundus alitaka kuinuka baada ya sahani moja. Nikamuuliza, taratibu, kama kwao kafundishwa kuacha chakula cha watu. Akakaa. Akala ya pili. Akala ya tatu. Mtoto ana adabu yule, lazima niseme.

Ukumbini Faridah kashuka, mie macho nimefumba, nasoma Ayatul Kursi mpaka niliposikia makofi. Muda mzuri kuliko wote! Ikaja zamu ya Sundus. Kijiti cha tatu, kashika tumbo. Cha tano, kakaa chini kabisa. Nikapiga kigelegele, ukumbi mzima ukageuka.

Faridah analia. Sijaelewa analia nini. Mwanamwema kaniwekea mkono begani.

"Shoga, hawa wetu timu moja. Muda wa wako unajumlishwa na wa wangu."

Halafu akanishukuru kwa chai.

Jumatatu, 19 Januari
Faridah hasemi nami. Anasema na simu. Lakini bado shindano moja, na wanaoongoza ni Dipti na mwenzake. Dipti binti wa Hansa, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Kumbe dawa yangu ilikuwa nzuri, mgonjwa tu ndiye siye.

Ijumaa, 30 Januari
Nimempelekea Hansa bakuli la kaimati, shira inachuruzika. Za Dipti hizi, nikasisitiza, ale zote. Hansa machozi yakamlenga. Anasema miaka yote hii London hajapata jirani kama mie. Nimejiona mbaya kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 31 Januari
Nimesahau jambo ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Na Hansa kazaliwa Mombasa! Asubuhi bakuli langu hilo, limejaa ladu, vitamu vizito vya samli, mpaka juu. Dipti, kumbe, hagusi kitamu siku ya mashindano. Kaimati kala babake.

Sundus alikuja kumpitia mwanangu. Mie nasali. Natoa salamu, nageuka: bakuli jeupe, halina kitu, wasichana wawili wanajipangusa midomo.

Wamefika chini wote wawili, salama. Wa mwisho.

Jumatatu, 9 Februari
Majina yametoka. Austria wanakwenda Dipti na mwenzake. Nimeingia chumbani kwa Faridah na kikombe cha uji, nikamwambia asijali, mama yupo, mama atafanya jambo. Mtoto huyu ananijibu Kiingereza tangu alipoanza shule. Leo kanigeukia.

"Mama, nakuomba. Usinisaidie tena."

Kiswahili safi, cha nyumbani! Nikalia mie sasa. Mtoto akisema maneno hayo amekata tamaa, na mzazi gani atamwacha mwanawe katika hali hiyo?

Nasikia Austria wanachukua na jozi ya akiba, anaichagua kocha wa kina Faridah, Douglas. Nasikia pia Douglas hana mke. Mpwa wangu Miska wa Edmonton, hapa hapa London, hana mume. Atamnyima nafasi binamu wa mkewe? Ya dini tutayazungumza. Nimempigia Miska. Kakataa katakata. Nimemwambia Jumapili saa saba Douglas anakula kwangu, avae lile gauni la kijani.