Benchi la Faraj Lapelekwa Mwezini

Jumatatu, 4 Julai 1966
Wizi! Seth, karani wa reli, karudi kutoka likizo Nairobi. Huko kaona televisheni kwa kakake. Mchezo wa watu wa roketi waendao mwezini. Wawili wao ni wachekeshaji, wamekaa benchi moja. Mnene akiinuka, benchi labiruka, mwembamba puu, chini! Lakini huyo mnene ni marehemu Faraj! Na mwembamba ni mimi! Miaka tisa nimeanguka hivyo kuchekesha watu kwenye arusi za Kibokoni. Seth ati asema walioigwa ni wale wachekeshaji wawili wa sinema za Kizungu, mnene na mwembamba. Hajui kitu. Amekuja Mombasa Faraj keshazikwa.

Jumatano, 6 Julai
Nimewaandikia wenye televisheni. Sitaki kitu. Nataka jina la Faraj litajwe kabla roketi haijaruka, basi. Nikapita barazani kutafuta mashahidi. Taib, fundi cherehani, akaniuliza kama mchezo wenyewe nimeuona. Nitauonea wapi? Nani hapa ana televisheni? Ndiyo maana wakathubutu! Wakacheka wote. Taib akanambia, Bwana Gharib, ukipanda mwezini kudai haki nipitie, nami nina mteja huko wa kupima suruali. Sahihi alitia. Chini yake akaandika kuwa mnene amkumbuka sana, ila yule mwembamba alikuwa nani? Mtovu wa adabu!

Ijumaa, 8 Julai
Baada ya sala nimekwenda kwa Mwanaesha, mjane wa Faraj, naye atie sahihi. Hakutia. Akasema, shemeji, umesahau? Mlitoka sinema nyinyi wawili, mkajaribu kuanguka kama wale, mkanivunjia benchi langu la jikoni.
Benchi bado lipo. Mguu mmoja umefungwa kamba. Siku za mwisho Faraj alikuwa amekonda, mwepesi mno. Akiinuka, halitikisiki. Nikajiangusha vivyo hivyo. Akacheka mpaka akakohoa.
Mwanaesha akalia kidogo. Nami.

Jumamosi, 9 Julai
Nimefikiri sana. Mwanaesha asema kweli, mambo yalianzia sinema. Barua ya televisheni nimeichana. Masikini, niliwaonea bure.
Wezi ni wale wa sinema! Walijuaje, kabla yetu sisi wenyewe, kwamba Faraj akiinuka mimi huanguka?
Nimeanza barua mpya. Mahali pa mashahidi nimepaacha papana. Maneno ya Taib safari hii nimemwandikia mimi mwenyewe.