Vita vya Mkono wa Gauni katika Jiko la Iolanda

Birika liliimba kabla ya mapambazuko. Baridi ya Juni ilikuwa imeukalia mji wetu wa Porto Alegre kama mgeni asiyejua kuaga, na birika langu likaanza ule wimbo wake mwembamba unaosema: nitoe motoni sasa, nikichemka nitaunguza majani. Basi sogeeni, enyi mlio karibu na mlio mbali, wenye kompyuta na wasio nazo, vuteni viti na kunyamazisha simu zenu. Kwa maana birika hilo ndilo lililokuwa baragumu, na asubuhi hiyo walikutana jikoni mwangu majemadari wawili ambao kwa miaka minane hawakuwa wameketi meza moja.

Wa kwanza ni Adroaldo Mwenye Goti Bovu, ngome ya Quero-Quero. Wa pili ni Jussara Mpole wa Sauti, malkia wa Tuco-Tuco. Nimewajua tangu walipokuwa wakipanda mbergamota wangu, yaani mchenza, na kuniibia matunda. Hapo kale walikuwa na mfumo mmoja wa kuendeshea kompyuta, waliouandika pamoja juu ya meza hii hii. Mfumo usiouzwa, kazi ya watu wa kujitolea, ambao yeyote ana ruhusa ya kuuchukua, kuubadili na kuugawa, mradi asifute majina ya waliotangulia. Kisha ukazuka ugomvi uliotikisa dunia: je, kompyuta ikiwashwa, ilie kama ndege au ikae kimya? Adroaldo akasema ilie. Jussara, ambaye wafuasi wake wengi ni wauguzi, akasema ikae kimya. Milango ikabamizwa. Pakawa na mifumo miwili, mmoja kwa jina la ndege wetu wa nyanda asiyejua kunyamaza, na mwingine kwa jina la panya anayechimba bila kuonekana.

Majeshi yao, wenye vibandiko vya ndege na vya panya migongoni mwa kompyuta zao, walikuwa wamechoka. Tangu baridi ianze walikuwa wakiandikiana: tuungane, au tusiungane? Hawakukubaliana hata juu ya siku ya kukubaliana.

Lakini mimi sikuwaita kwa ajili ya muungano. Niliwaita kwa ajili ya mkono wa gauni. Mjukuu wangu Marlise alikuwa acheze kesho yake katika sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na gauni lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa mikono, kwa sababu kiolezo cha kuikatia alichonitumia dada yangu wa Pelotas kilikataa kutoka kwenye printa. Kompyuta yangu ina mifumo yote miwili, kwa ajili ya amani ya mtaa. Kwa Quero-Quero kiolezo hutoka kwa kipimo sahihi, ila printa hukata roho katikati ya karatasi. Kwa Tuco-Tuco hutoka kizima, ila kidogo, mkono wa mwanasesere. Skana tu, iliyo juu ya printa hiyo hiyo, ndiyo haijawahi kunikosea hata siku moja. Nikamwita kila mmoja, nikasahau kumwambia kwamba na mwenzake anakuja.

Adroaldo akasimama mlangoni. "Bibi Iolanda, umenitega."

"Nimekukaribisha. Vua koti."

"Na huyu?"

"Huyu ana jina," akasema Jussara bila kuinua macho. "Zamani ulikuwa unalijua."

Nikajaza kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani inayofyonzwa kwa mrija, nikampa Adroaldo kwanza, maana ndiye aliyekuwa na hasira zaidi. Akakishika, akakiinua kama upanga, akahutubia taifa.

"Sikilizeni! Watu wetu ni wachache, na bado tunaziba tundu moja mara mbili, ninyi kule, sisi huku, kama vichaa wawili juu ya paa moja wasiosalimiana! Tuungane! Jeshi moja, bendera moja, jina moja!"

"Jina gani?" akauliza Jussara.

"Quero-Quero, si lipo?"

"Huo si muungano, ndugu yangu. Hata chatu akimmeza ndama wanakuwa kitu kimoja. Halafu kibuyu si kipaza sauti. Kunywa upitishe, wengine tuna kiu."

Ikambidi anywe, kwa kuwa sheria ya kibuyu ni kubwa kuliko majemadari: aliyekishika hufyonza mpaka mrija ukorome, na anayefyonza hasemi. Tangu hapo kila aliyevuta pumzi ili apige kelele, mimi nilimpa kibuyu.

Zamu ya Jussara ilipokwisha, akasema taratibu, "Watu wa kujitolea si viti vya kukodi, ukawapanga ukumbini utakavyo. Wangu walikuja kwa sababu ya ukimya. Wahamishe, uone kama nusu hawatakwenda zao. Na wagonjwa wodini, ndege wako akiwapigia yowe usingizini?"

"Si anaweza kuzimwa!"

"Miaka minane iliyopita ulisema hawezi."

Adroaldo akachukua bergamota, akaimenya polepole, akaikata katikati kwa vidole, na nusu moja akaiweka karibu na kiwiko cha Jussara huku akitazama dirishani. Jussara akaila akitazama ukuta. Kisha kwa ncha ya kiatu akakisukuma kipasha joto kilichokuwa chini ya meza mpaka kikaelekea lile goti bovu. Vita vingi nimesimuliwa, lakini majeshi ya kushambuliana hivyo sijayasikia.

"Mkimaliza kuungana," nikasema, "nani anajua dawa ya printa kukata roho?"

"Tuliitengeneza zamani," akasema Jussara. "Iko wazi, yeyote angeichukua."

"Na kipimo?"

"Sisi tulikirekebisha," akanung'unika Adroaldo. "Kiko wazi pia."

"Kumbe kila mmoja amemwachia mwenzake mlango wazi, na hakuna aliyeingia?"

"Bibi, nikichukua kazi yake, jina lake litakaa ndani ya mfumo wangu milele."

"Limo humo tangu mwanzo," akasema Jussara. "Kama lako lilivyo ndani ya wangu. Ulidhani yamekwenda wapi?"

Adroaldo akakohoa. "Haya. Tunaanza kutengeneza upande wa nani?"

Hapo ndipo falme zingeanguka upya. Nikasema, "Gauni lina mikono miwili. Kila mtu anitolee mmoja."

Kila anayeshona anajua kwamba kiolezo kimoja hukata mikono yote miwili. Mimi nimeshona tangu usichana, lakini asubuhi hiyo lilinipotea.

Wakaketi bega kwa bega mbele ya kompyuta moja. Jussara akamsomea mistari yake, Adroaldo akaiandika. Wakabadilishana viti, Adroaldo akasoma, Jussara akaandika. Printa ikaguna, ikatetemeka, ikapita mahali pa mauti bila kufa, ikazaa mkono mmoja, kisha wa pili. Nikaulaza mmoja juu ya mwingine, nikavuta futi yangu. Ilikuwa sawa kama mapacha.

"Kwa hiyo tumeungana?" akauliza Adroaldo.

"Ukishona mkono kwa mkono," nikamjibu, "mtoto atakulaje? Kila mkono hushonwa kwenye gauni, upande wake."

Na ijulikane vizazi hata vizazi kwamba siku hiyo zilitoka karatasi mbili nzima, kwa kipimo chake. Habari zikaenea, kabla ya chakula cha mchana majeshi yalikuwa yakibishana mkono wa kulia ulikuwa wa nani.

Nikawasindikiza mpaka getini. Walikuwa bado wakizozana juu ya ndege, lakini Jussara alikuwa akipunguza mwendo kwa ajili ya lile goti.

"Rudini Jumanne, wanangu," nikaita. "Wote wawili. Naona na skana nayo imeanza kusumbua."